Mpaka wa Machimbo na Mkono Usio na Jina

Daksha hakupiga taipu sahihisho lolote lisilokuwa na herufi za jina la aliyelifanya. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake, na aliishika kwa miaka kumi na tisa katika ofisi moja ya serikali katikati ya Nairobi, ghorofa ya nne, dirisha linalotazama mapaa ya mabati ya upande wa River Road. Mkubwa akikata neno na kuandika jingine juu yake, ilimpasa aweke pembeni herufi mbili au tatu za jina lake, ili ijulikane ni nani aliyebadilisha. Awe katibu, awe karani wa jana, kwake walikuwa sawa. Karatasi iliyokuja bila herufi ilirudi ilikotoka, na juu yake kipande kimebanwa kwa pini: Mkono wa nani?

Alifundishwa hivyo na mzee Jaswant, Kalasinga aliyekuwa karani mkuu wakati Daksha anaajiriwa mwaka 1968, msichana wa miaka ishirini na minne aliyechukua uraia wa Kenya huku nusu ya darasa lake la Parklands wakipanga masanduku kwenda Uingereza. Jaswant alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo yalikuwa makali. Alimwambia kwamba anayefuta bila kuweka jina lake ni mwizi aliyevaa glavu. Daksha aliyaweka maneno hayo moyoni na hakuyatoa tena, hata Jaswant alipostaafu, hata ofisi ilipojaa watu ambao hawakuwahi kusikia habari zake.

Katika chumba kile kulikuwa pia na desturi ya wote. Ukurasa ukishapigwa taipu haukutoka mlangoni mpaka usomewe. Mmoja alishika rasimu akasoma kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na koma na nukta. Mwenzake akafuata kwenye nakala safi kwa ncha ya kidole. Waliita kazi hiyo kusomeana. Tangu mwaka 1974 mwenzake Daksha wa kusomeana alikuwa Peres, mama wa Alego, mnene, mcheshi, mwenye sauti nzito kama ya mhubiri. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza. Peres aliyasoma kwa Kiingereza cha Siaya, Daksha akayafuata kwa Kiingereza cha Parklands, na waliopita ukumbini walisema wamama wawili wanasali rozari.

Peres alimwita Dakshaben, kwa kuwa alisikia ndivyo Wagujarati wanavyomwita dada. Daksha alimwita Mama Awiti, kwa jina la bintiye mkubwa. Saa saba walikula pamoja, Daksha akifungua chapati na dengu, Peres akifungua samaki aliyebaki jana, na kila siku Peres alimkaribisha kipande cha samaki akijua kabisa kwamba mwenzake hali nyama wala samaki.

"Onja tu, Dakshaben. Hii samaki ilikuwa inaomba Mungu kabla ya kufa."

"Basi mwache apumzike kwa amani," Daksha angejibu bila kucheka, na Peres angecheka kwa niaba ya wote wawili.

Mwishoni mwa mwaka 1986 ofisi yao ililetewa kazi ya mipaka ya majimbo ya uchaguzi. Idadi ya wabunge ilikuwa iongezwe, kwa hiyo majimbo yalikuwa yakatwe upya, na kamati iliyoketi miezi mingi ikachora mistari yake. Lakini mpaka wa jimbo hauishi kwenye ramani peke yake. Huandikwa kwa maneno, na maneno hayo ndiyo yanayokuwa sheria: anzia daraja fulani, fuata kijito fulani kuelekea machweo, pinda kwenye kona ya shamba fulani, panda barabara fulani, mpaka urudi kwenye daraja lile lile ulikoanzia. Maelezo yasiporudi yalikoanza, kuna kitu kimedondoka njiani.

Daksha na Peres walibuni namna yao ya kuyakagua. Walitandaza ramani juu ya meza, wakachomeka pini mahali pa kuanzia, wakafunga hapo uzi wa sweta wa rangi ya kijani. Peres alisoma, Daksha akaupeleka uzi kutoka pini hadi pini. Uzi ukifika nyumbani, ukurasa ulikuwa salama. Hakuna aliyewaagiza wafanye hivyo. Lakini wangefanyaje kazi ya watu maelfu bila kujua inaishia wapi? Mpaka wa jimbo hauzuii ng'ombe wala mvua. Kinachozuiwa ni kura, na kura ikishazuiwa hailii kama ng'ombe ili mwenyewe aisikie.

Karatasi za kamati ziliwajia zikiwa zimetiwa sahihi na wajumbe wote chini ya kila ukurasa. Ukurasa wa kumi na saba waliupiga taipu mwezi wa Januari, wakausomeana, uzi ukafika nyumbani. Wiki tatu baadaye nakala waliyoipiga ya ukurasa huo ilirudi peke yake, bila barua. Aliyeileta ni Nashon Oloo, tarishi wa ofisi, mtu mzima wa miaka hamsini, kofia kwapani.

"Wamesema hii irudiwe, mama. Leo leo."

Daksha alitazama. Katikati ya ukurasa palipoandikwa kwamba mpaka unafuata kijito, maneno yalikatwa kwa penseli. Juu yake mkono ule ule uliandika kwamba mpaka utafuata barabara ya udongo wa murramu hadi makutano ya barabara, kisha utafuata ua wa shamba la kahawa hadi makutano ya barabara. Ubavuni mwa karatasi hapakuwa na herufi hata moja.

Alichomeka pini, akaupeleka uzi kwa kijito kwanza, kisha kwa barabara. Kati ya nyuzi hizo mbili palibaki kipande cha bonde chenye umbo la ulimi. Ramani ilikionyesha kitupu, lakini hakikuwa kitupu. Pale palikuwa Machimbo, kijiji cha mabati na mbao kilichoota kwenye shimo la mawe lililoachwa, chini ya vilima vya Spring Valley. Wapishi, watunza bustani, maaskari wa lango na wafua nguo wa nyumba kubwa za juu walilala huko. Walikuwa watu elfu nne na zaidi, na katika jimbo lile walikuwa wengi kuliko mabwana zao. Kura zao ndizo zilizowaletea bomba la maji baada ya uchaguzi wa mwisho, na kwa ajili ya kura zao tu hakuna aliyethubutu kuwatoa kwenye ardhi ile. Mstari ukihamia barabarani, Machimbo yangetupwa jimbo la upande wa Dagoretti, ambako hakuna mgombea aliyewahitaji wala aliyewajua. Waliokuwa wakilitamani bonde lile wasingekuwa na mtu wa kumwogopa.

Nashon bado alikuwa amesimama mlangoni, akingoja kuambiwa kama kuna jibu. Nashon aliishi Machimbo. Alikuwa ameleta kwa mikono yake mwenyewe, kwa miguu yake mwenyewe, karatasi iliyomwondoa.

Daksha alimwambia aende, atamwita. Mlango ulipofungwa Peres alivuta kiti karibu.

"Mwambie, Dakshaben. Huyu mtu anabeba jeneza yake na hajui."

Daksha alikataa. Wote wawili walikula kiapo cha kutunza siri za ofisi, na kiapo hakina kifungu kinachosema isipokuwa ukihurumia. Peres alimjibu kwamba Mungu hakuapishwa na serikali. Walibishana kwa minong'ono, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tatu. Peres alitaka Machimbo wajue ili wapige kelele. Daksha alisema kelele zinazoanza kwa kuvunja kiapo huishia kumpa adui sababu. Atafanya lile lililo mikononi mwake, basi. Akabana kipande chake cha karatasi juu ya ukurasa, akauliza alichouliza siku zote, akaurudisha.

Ulirudi baada ya saa moja, na safari hii uliletwa na Bwana Mwendwa mwenyewe, mkuu wa idara. Mwendwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, mwenye watoto wanne na shati lililopigwa pasi vizuri, na alikuwa amezoea kuwa kazi ya mkuu wa idara ni kupitisha karatasi bila kuzigusa sana. Alieleza kwa upole kwamba sahihisho limetoka juu. Daksha alisema kwamba huko juu kuna watu, na kila mtu ana jina. Mwendwa akasema mambo mengine hayaulizwi. Daksha akasema yeye haulizi habari za mpaka. Kamati inaweza kuuweka mpaka juu ya mlima Kenya ikipenda. Anachouliza ni mkono wa nani.

"Mama Daksha, wahenga walisema mwenye nguvu mpishe."

"Njiani nitampisha, Bwana Mwendwa. Kwenye mashine yangu hapana."

Mwendwa alisimama pale akiwa ameshika ukurasa kama mtu aliyeshika sahani ya moto. Alimuuliza kama anajua anachokifanya. Daksha alijibu kwamba amekifanya kila siku tangu mwaka 1968 na hajawahi kuulizwa swali hilo.

Jumapili ile, walipotoka hekaluni Parklands na kuketi varandani kunywa chai, mumewe Lalit alimweleza yaliyotokea dukani Jumamosi. Lalit aliuza vitambaa, vifungo na uzi wa mafundi cherehani katika Biashara Street. Wakaguzi wawili walikuja kuitazama leseni, ambayo haikuwa na kosa, wakaitazama kwa muda mrefu, wakamwomba amsalimie mke wake. Lalit alikuwa mtu wa hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Tarehe mosi Agosti 1982, wanajeshi walipojaribu kupindua serikali, duka lake lilivunjwa likabebwa lote, mpaka futi ya kupimia nguo.

Alimwambia mkewe kwamba Wahindi ni wageni wa miaka themanini, na mgeni hapangi viti vya mwenye nyumba. Alisema hayo kwa Kigujarati, taratibu, akikoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

"Mgeni ni wewe," Daksha alimjibu. "Mimi nina kitambulisho. Nilikipangia foleni."

"Machimbo hata hawakujui."

"Sifanyi kwa sababu wananijua."

Lalit alizidi kuikoroga chai yake. Kisha akasema, kama anayejisemea, kwamba alioa mwanamke na si mahakama. Lakini hakumwomba tena aache, na Jumatatu alimfungia chakula kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

Jumatatu hiyo Daksha alikuta mashine yake imeondolewa mezani. Barua ilimwamuru ahamie chumba cha chini kabisa cha jengo, penye faili za zamani, akazipange kwa miaka. Hakukuwa na dirisha. Akufukuzaye hakwambii toka, lakini Daksha aliamua kutoisikia lugha hiyo. Alifunga leso puani kwa sababu ya vumbi, akaanza na mwaka 1951. Kila asubuhi alisaini kitabu cha mahudhurio saa mbili kasoro dakika tano, ili asionekane kuchelewa hata kwenye adhabu. Peres alishuka kila siku saa saba na samaki wake, wakala kwenye ngazi.

Ukurasa wa kumi na saba alipewa Lornah, mpiga taipu mwenye vidole vyepesi kuliko wote, akaambiwa aupige kwa haraka kama ulivyosahihishwa na aukabidhi mezani kwa Mwendwa moja kwa moja. Usisomewe. Kusomewa kungemaanisha watu wawili kuujua, na mmoja wa hao wawili angekuwa Peres. Hivyo desturi ya miaka mingi ilirukwa kwa ajili ya ukurasa mmoja.

Mtu yeyote wa chumba kile angeweza kuwaambia wakubwa matokeo yake. Maneno ya penseli yalikuwa na sehemu mbili, na zote mbili ziliishia na makutano ya barabara. Jicho la mpiga taipu likitoka kwenye rasimu kwenda kwenye mashine na kurudi, hutafuta neno lililoachwa mwisho. Jicho la Lornah lilirudi kwenye makutano yale ya pili badala ya yale ya kwanza, na ua mzima wa shamba la kahawa ukadondoka. Ndiyo maana watu husomeana. Lornah hakuwa mzembe. Alinyimwa tu mwenzake.

Kosa lilionekana siku kumi baadaye, nakala ya kwanza iliporudi kutoka kwa wapiga chapa. Mpima ardhi aliyepewa akague alisema mpaka unafika kwenye makutano ya murramu kisha unapotea; jimbo limebaki wazi kama zizi lisilo na lango. Ilikuwa saa nne asubuhi. Ukurasa ulitakiwa uwe kwa wapiga chapa saa kumi jioni, kwa maana kesho yake maelezo yote ya mipaka yangetoka katika gazeti rasmi la serikali na hayangengoja ukurasa mmoja.

Mwendwa aliuchukua ukurasa akaenda chumba cha wapiga taipu. Lornah alikuwa amelia na kumaliza. Alisema kwa adabu kwamba yeye hataugusa tena, mzee amsamehe. Mwendwa akamgeukia wa pili, huyo akasema vivyo hivyo. Wa tatu alisema mkono unamuuma. Kila mmoja alikuwa ameelewa kwamba karatasi ile haina baba, na atakayeigusa sasa ndiye atakayeitwa mama yake. Peres alikuwa ameketi kwenye kona, mikono juu ya tumbo, na ndiye aliyesema.

"Bwana Mkubwa, ile dawa unatafuta iko chini. Umeiweka na panya."

Mwendwa alishuka ngazi mwenyewe. Alimkuta Daksha amefika mwaka 1963. Hakumpa amri, alimwomba. Daksha alifungua leso, akanawa mikono kwenye bomba la uani, akapanda.

Walitandaza ramani. Peres akasoma, Daksha akaupeleka uzi, na baada ya dakika kumi alikuwa ameweka kidole mahali palipodondoka. Alimwonyesha Mwendwa. Mwendwa akashusha pumzi, akasema vizuri, basi aingize maneno yaliyokosekana na wamalize.

Daksha hakukaa. Aliweka karatasi mbili mezani, sambamba. Ya kulia ilikuwa ya kamati, yenye kijito, yenye sahihi za wajumbe wote chini. Ya kushoto ilikuwa ile ya penseli. Alisema anaweza kupiga yoyote kati ya hizo mbili. Ya kulia anaweza kuipiga sasa hivi. Ya kushoto ataipiga mara tu itakapopata herufi pembeni. Kisha akachukua kalamu ya wino kutoka kwenye kikopo, akaiweka mbele ya Mwendwa, ncha ikimwelekea Daksha mwenyewe, kama unavyompa mtu kisu.

"Siyo mimi niliyeandika," Mwendwa alisema.

"Najua. Mwite aliyeandika."

Mwendwa alipiga simu ya kwanza pale pale. Aliyepokea alisema yeye aliagizwa tu. Alipiga ya pili. Wa pili alisema hajawahi kuiona karatasi hiyo maishani mwake, na akamtaka Mwendwa asilitaje jina lake tena kwenye simu. Ikafika saa nane. Ya tatu Mwendwa aliipiga akiwa amesimama, na aliyeongea upande wa pili hakuchukua muda. Mwendwa alisema ndiyo mzee, ndiyo mzee, akaweka simu chini kwa mikono miwili.

"Amesema niweke za kwangu."

Mashine zote zilikuwa zimesimama, na hakuna aliyejifanya kuwa na kazi. Mwendwa aliishika kalamu. Aliisogeza mpaka pembeni mwa karatasi, pale pale panapotiwa herufi, na wino ukaacha nukta moja.

"Daksha, nina watoto wanne," akasema.

"Nawajua kwa majina, Bwana Mwendwa. Basi usiweke."

Hakumwambia kwa ukali. Peres, aliyekuwa karibu, alisema baadaye kwamba hajawahi kumsikia Daksha akiongea kwa upole namna ile. Mwendwa aliketi kwenye kiti cha Lornah. Alitazama saa ya ukutani, akaitazama karatasi ya penseli, ambayo wakubwa watatu waliitaka na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuimiliki. Kisha akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Piga ile ya kijito," alisema.

Daksha aliketi. Alipiga ukurasa mzima tangu mwanzo, bila haraka, kwa sababu haraka ndiyo iliyowafikisha hapo. Walisomeana, Peres kwa sauti yake ya mhubiri, koma na nukta, na safari hii wapiga taipu wote walisimama kuizunguka meza kutazama uzi. Ulifuata kijito, ukayazunguka Machimbo kwa nje, ukapanda, ukapinda, ukafika nyumbani. Saa tisa na nusu Nashon aliitwa. Alipokea bahasha, akaitia ndani ya koti kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha, akauliza kama ni ya haraka.

"Ya haraka, baba," Peres alimwambia. "Kimbia nayo kama nyumba yako inaungua."

Nashon alicheka akidhani ni mzaha, akakimbia.

Aliujua ukweli miezi mingi baadaye, na hakuambiwa na Daksha. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata, uchaguzi ulipofanywa kwa kupanga milolongo hadharani, watu wa Machimbo walijipanga kwenye uwanja wa shule ndani ya jimbo lao, nyuma ya picha ya mtu wao, mlolongo ukazunguka uwanja mara mbili. Aliyetangazwa mshindi hakuwa mwenye mlolongo mrefu, na jambo hilo Machimbo walilisema mchana kweupe wakati wengi walikuwa wakinong'ona. Walipiga kura tena mwaka 1992, kwa karatasi za siri, na mtu wao akapita. Mwaka 1996 majimbo yalipopimwa upya mara nyingine, kijito kilibaki kuwa mpaka. Mabati ya Machimbo yaliendelea kukaa bondeni, mabaya kama zamani, na bomba likatoka maji siku lilipopenda.

Daksha hakuwa ofisini kuyaona hayo. Machi 1987, wiki tano baada ya ukurasa wa kumi na saba, aliletewa barua ya kustaafishwa kwa maslahi ya umma, bila malipo ya uzeeni. Aliisoma, akaona kwamba tarehe imesahihishwa kwa mkono bila herufi, akairudisha. Waliirudisha kwake siku ya pili ikiwa na herufi, naye akaipokea na kutia sahihi. Alinunua mashine iliyotumika, akaiweka kwenye varanda ya jengo la Biashara Street, hatua chache kutoka duka la Lalit, akapiga taipu barua, wosia na maombi ya kazi ya watu kwa miaka kumi iliyofuata. Wateja waliolalamikia sheria zake aliwaonyesha mlolongo wa wapiga taipu wengine barabara nzima, wakachague. Wengi walirudi. Alipoulizwa kama anajuta kumkatalia Mwendwa, alijibu hapana kabla swali halijaisha.

Lakini kusomeana ni kazi ya watu wawili, na waliotia barua kwenye bahasha ya Daksha walikumbuka hivyo. Peres alipata barua yake siku ile ile. Alihamishiwa Lodwar, jangwani kaskazini, akapewa siku saba. Mumewe alikuwa na kazi ya reli Nairobi na hakuweza kumfuata; mtoto wao wa mwisho, mwenye miaka mitatu, alibaki kwa shangazi huko Alego. Peres alikaa Lodwar miaka mitano na miezi miwili. Aliporudi, mtoto alimwita shangazi mama, akamwamkia Peres kama mgeni.

Daksha alimwandikia barua kumi na moja Lodwar. Alijibiwa mbili, fupi, zisizo na utani. Mwaka 1993 walikutana kwa bahati kwenye ngazi za posta. Peres alikuwa amekonda. Walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za nyumbani, na Daksha akasema lile alilokuwa amelitayarisha kwa miaka sita, kwamba alipoweka kalamu ile mezani hakumuuliza Peres kwanza.

"Hukuniuliza," Peres alisema. "Ungeniuliza, ningesema ndiyo. Lakini hukuniuliza, Daksha."

Hakusema Dakshaben. Walipeana mikono, kila mmoja akashika njia yake, na hawakutembeleana tena.

Sheria ile ilimgharimu Daksha kazi yake, malipo ya uzeeni ya miaka kumi na tisa, na rafiki pekee aliyekuwa naye. Peres ilimgharimu utoto wa mwanawe wa mwisho.